Bloku ya Injini Ikipata Ufa: Gari Kuukuu Laweza Kuokolewa

Peugeot 504, Land Rover na Datsun za miaka ya sabini bado zinaonekana katika barabara zetu. Peugeot 504 ziliwahi kuunganishwa Mombasa, na gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Kwa baadhi ya familia gari la aina hii ni kumbukumbu ya mzee; kwa nyingine ndilo linalopeleka viazi sokoni. Bloku ya injini inapopata ufa, mwenye gari mara nyingi huambiwa aliuze kama chuma chakavu. Ushauri huo si sahihi kila wakati. Kinachoamua ni mahali ufa ulipo na namna unavyorekebishwa.

Kwa nini bloku hupasuka

Bloku za magari mengi ya zamani ni za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hiki hustahimili kuchakaa, lakini hakipindiki. Kikivutwa kupita kiasi hupasuka. Sababu za kawaida ni injini kuchemka, mkono wa pistoni kukatika na kugonga ukuta wa bloku, na kutumia maji matupu badala ya kulanti, hivyo kutu ikala njia za maji kwa miaka mingi.

Kosa jingine ni kumwagia maji baridi injini iliyochemka. Sehemu inayoguswa na maji hunywea ghafla huku chuma kilichobaki kikiwa bado moto, na ufa huanzia hapo. Injini ikichemka, izimwe na iachwe ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta.

Uchunguzi kwanza

Maji yanayopungua bila kuonekana yakivuja, oili yenye rangi ya chai ya maziwa na moshi mweupe usiokoma ni dalili za ufa. Hata hivyo, gasketi ya silinda hedi ikiungua huleta dalili zizo hizo, na kuibadilisha ni nafuu zaidi. Hedi nayo huweza kuwa ndiyo yenye ufa. Kwa hivyo hedi ifunguliwe na kukaguliwa kabla ya bloku kulaumiwa.

Fundi mwenye vifaa huziba njia za maji, huingiza hewa kwa shinikizo na kutazama mapovu yanapotokea. Pia anaweza kupaka rangi maalumu inayopenya kwenye ufa na kuuonyesha mwanzo na mwisho wake.

Njia za kurekebisha

Kushona chuma bila moto: fundi hutoboa matundu kufuata ufa, hukata hesi ndani yake na kukaza skrubu zinazopandana hadi ufa wote uzibwe. Kwa kuwa hakuna joto, bloku haipindi. Njia hii inafaa sana kwa ukuta wa nje wa njia za maji.

Kuchomelea: chuma cha kusubu kikichomelewa kikiwa baridi na bila uangalifu, ufa mpya hutokea kando ya ule wa zamani. Kwa kawaida bloku hupashwa joto kwanza, huchomelewa kwa vijiti vya nikeli, kisha huachwa ipoe polepole sana.

Dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta ni za kumfikisha dereva nyumbani tu. Zinaweza pia kuziba rejeta yenyewe.

Ufa ukiwa ndani ya silinda, huenda ikabidi kuwekwa silivu mpya. Ukipita kwenye makao ya beringi za krankshafti, mara nyingi ni salama zaidi kubadilisha bloku.

Sheria na mazingira

Namba ya injini huchongwa kwenye bloku na huandikwa kwenye kumbukumbu za usajili wa gari. Anayebadilisha bloku anapaswa kuhakikisha mabadiliko hayo yamesajiliwa na NTSA. Anayenunua bloku iliyotumika adai risiti na akague namba haijakwanguliwa. Bila hivyo anaweza kujikuta na mali ya wizi.

Kulanti ina sumu, na utamu wake huvutia mbwa na watoto. Isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Ikusanywe katika mitungi iliyofungwa, yenye alama, na isiyotumika kuwekea maji ya kunywa.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari anashauriwa kumuuliza fundi maswali matatu: Ufa unaanzia wapi na kuishia wapi? Utarekebishwa kwa njia gani, na kwa nini hiyo? Je, bloku itapimwa tena kwa shinikizo kabla ya injini kufungwa? Fundi asiyeweza kuonyesha ufa huo hajafika mahali pa kutaja bei.