Fuwele na Sampuli za Madini Kutoka Mikusanyo Binafsi: Mambo Yanayompasa Mlaji Kuyafahamu

Inapotajwa thamani ya madini, wengi wetu huwaza dhahabu inayopimwa kwa gramu au kito kilichokatwa na kuvishwa kwenye pete. Lipo, hata hivyo, soko jingine ambalo mlaji wa kawaida hulifahamu kidogo, nalo ni soko la sampuli za madini: fuwele zilizoachwa jinsi zilivyotoka ardhini, ambazo hazikukatwa wala kusuguliwa, na aghalabu zingali zimeshikamana na mwamba zilimokulia. Sampuli za namna hii hukusanywa na wahandisi wa migodi, walimu wa jiolojia, wachimbaji wastaafu na wapenzi wa mawe. Hukaa kabatini miaka mingi, kisha huingia sokoni pale mwenyewe anapofariki, anapohama au anapohitaji fedha.

Hapo ndipo mlaji anapokutana nazo, ama akiwa mnunuzi ama akiwa mrithi. Katika nafasi zote mbili anaweza kupoteza mali, kwa sababu thamani ya sampuli imo katika mambo mawili yanayoharibika upesi: hali yake ya asili, na kumbukumbu ya mahali ilipotoka.

Mizani si kipimo cha kwanza

Mwezi Juni 2020 nchi nzima ilisikia habari za Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, wilayani Simanjiro, aliyepata mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, ambayo Serikali iliyanunua kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Habari hiyo ilistahili kushangiliwa, lakini iliwaachia watu wengi dhana kwamba thamani ya jiwe ni uzito wake tu. Kwa mkusanyaji wa sampuli, mizani huja mwisho. Fuwele ya tanzanaiti yenye ukubwa wa kidole gumba, ambayo ncha yake haikumeguka, nyuso zake zinang'aa kama kioo na chini yake kuna mwamba wa asili wenye madini ya kinywe, inaweza kuuzwa kwa bei inayozidi kipande kizito zaidi kilichovunjika pande zote.

Ni vema pia kusema wazi kwamba fuwele nyingi si za bei kubwa. Kwatzi ya kawaida, hata ikipendeza, hupatikana kwa wingi mno, na muuzaji anayeisifu kuwa ni hazina adimu hastahili kuaminiwa katika mengine anayoyasema.

Kosa linaloleta hasara kubwa kuliko yote hutokea kwa warithi. Tuchukulie familia inayofungua kabati la marehemu na kukuta visanduku sitini vyenye mawe, kila kimoja kikiwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono. Anakuja dalali, anamwaga mawe yote kwenye kiroba kimoja, anapima na kutaja bei ya jumla. Visanduku na karatasi vinabaki sakafuni, na jioni vinachomwa pamoja na takataka. Familia imepokea fedha, lakini sehemu ya mali imeteketea jalalani. Fuwele laini zimekwaruzana ndani ya kiroba, na hakuna tena anayeweza kusema kipi kilitoka wapi.

Karatasi ile ndiyo hati ya utambulisho wa sampuli. Huandikwa jina la madini, mgodi au kijiji kilipopatikana, tarehe, na pengine jina la aliyeiuza. Umuhimu wake unaonekana kwa mifano ya nyumbani. Tsavoraiti, yaani ganeti ya kijani, hupatikana Mirerani, na hupatikana pia Taita Taveta nchini Kenya. Rubi zinatoka Longido, na zinatoka pia Winza, wilayani Mpwapwa, machimbo yaliyovuma sana mwaka 2008. Spineli nyekundu za Mahenge zina wapenzi wake wanaozitafuta kwa jina la mahali. Mkusanyaji hanunui “jiwe jekundu”. Ananunua jiwe la Winza au la Mahenge, na bila kumbukumbu analazimika kukisia, naye anayekisia hulipa kidogo.

Kwa hiyo usitupe karatasi hata kama imechakaa au jina lililoandikwa juu yake linaonekana kukosewa. Ukitaka kusahihisha, andika karatasi ya pili na uiweke pamoja na ile ya kwanza. Piga picha kila sampuli ikiwa na karatasi yake kabla mtu yeyote hajaigusa. Mikusanyo iliyotunzwa hivyo imekuwa msingi wa makumbusho makubwa duniani: mkusanyo wa Washington Roebling, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn huko New York, wenye sampuli zaidi ya 16,000, ulikabidhiwa kwa taasisi ya Smithsonian baada ya kifo chake mwaka 1926.

Jambo jingine kwa warithi ni la kisheria. Mkusanyo ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba au gari. Msimamizi wa mirathi anapaswa kuuingiza katika orodha ya mali, na haifai ndugu mmoja kuuza “mawe ya baba” kwa kuwa tu wengine hawayajali.

Kilichotengenezwa na kilichobadilishwa

Mnunuzi naye anakabiliwa na hatari za namna mbili, na ni muhimu asizichanganye. Kwanza ni sampuli ambayo si ya asili kabisa. Pili ni sampuli ya asili ambayo imebadilishwa kwa moto, rangi, mafuta au gundi bila mnunuzi kuambiwa.

Katika kundi la kwanza, mfano mwepesi ni fuwele za buluu iliyokolea zinazokuzwa kwa mrututu ndani ya maji. Huota kwa siku chache tu, hupendeza sana, na hubandikwa juu ya jiwe la kawaida ili zifanane na madini adimu ya shaba. Tone la maji likiachwa juu yake huanza kuiyeyusha na kugeuka buluu. Kioo nacho hutumika sana kuiga tanzanaiti na vito vingine. Tazama ndani kwa lenzi ya sonara inayokuza mara kumi: viputo vya hewa vya mviringo ni dalili ya kioo.

Baadhi ya wauzaji humkwaruzia mteja kipande cha kioo kwa jiwe lao ili kumthibitishia kwamba ni halisi. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Kwatzi ya barabarani hukwaruza kioo vilevile, na kwa kufanya hivyo ncha ya fuwele nzuri inaweza kumeguka mbele ya macho yako.

Kwa tanzanaiti lipo jaribio lisilodhuru. Ishike fuwele kwenye mwanga wa mchana na kuizungusha polepole. Tanzanaiti ambayo haijapita motoni huonyesha rangi tatu kwa kadiri unavyoitazama kutoka pande tofauti: buluu, urujuani, na ya tatu inayokaribia kahawia au manjano. Kioo hubaki na rangi ile ile upande wowote utakaoitazama.

Maelezo hayo yanatufikisha kwenye kundi la pili. Tanzanaiti nyingi zinazouzwa zikiwa vito zimechomwa, kwa kiasi cha nyuzijoto 500 hadi 600, ili ile rangi ya tatu ififie na buluu ishike. Huo ni utaratibu wa kawaida wa biashara ya vito, wala si udanganyifu. Lakini mkusanyaji wa sampuli hulipa zaidi kwa fuwele ambayo haijachomwa, na muuzaji anayemwambia kwamba rangi ni “ya asili” ilhali anajua ilipita tanurini amempotosha. Ugumu ni kwamba ziko fuwele chache zilizopata buluu kwa joto la ardhini lenyewe, hivyo macho peke yake hayatoshi kuamua, na hata wataalamu wenye vifaa huona shida. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba neno la muuzaji liandikwe. Kauli ya mdomo haina shahidi.

Amethisti ikichomwa hugeuka rangi ya manjano au ya chungwa, nayo huuzwa kwa jina la sitrini. Mara nyingi ncha huwa na rangi ya kuungua na shina jeupe kama chokaa. Kwatzi yenye rangi za upinde wa mvua zinazometameta kama mafuta juu ya maji imepakwa utando mwembamba wa metali kiwandani. Vipande vya akiki vya waridi kali au buluu ya wino karibu kila mara vimelowekwa katika rangi.

Gundi ni suala la peke yake. Fuwele iliyong'oka hurudishwa kwenye mwamba wake, au hupandikizwa kwenye mwamba ambao haukuwa wake. Kukarabati si dhambi iwapo kumetajwa, na hupunguza bei. Kupandikiza ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwapo ardhini. Kagua mahali fuwele inapokutana na mwamba: je, kuna mstari laini unaong'aa, au vumbi la mawe lililobandikwa kuficha kiungo? Gundi nyingi huwaka kwa rangi ya samawati nyeupe zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, ile ile ndogo inayotumika kukagua noti bandia. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kuitumia.

Kutunza na kujikinga

Usioshe sampuli kabla ya kujua ni madini gani. Chumvi ya mawe huyeyuka kwa maji. Kalsaiti na malakaiti huliwa hata na siki ya jikoni. Amethisti na baadhi ya floraiti hupauka zikiachwa dirishani juani. Brashi laini na kavu inatosha kwa sampuli nyingi.

Yapo pia madini yanayoweza kudhuru afya. Galena ina risasi, sinaba ina zebaki, na baadhi ya madini ya nyuzinyuzi ni asbesto. Mikusanyo ya zamani yenye mawe ya Katanga, nchini Kongo, wakati mwingine huchanganya malakaiti na madini ya kijani au manjano yenye urani. Ukikuta karatasi inayotaja urani, funga kabati, watoto wasicheze hapo, kisha omba ushauri wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Hati za kudai, na mahali pa kwenda

Biashara ya madini nchini hufanywa kwa leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani ili mauzo yafanyike mahali panapojulikana. Anayerithi mkusanyo na kutaka kuuza aanze kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa wake, aonyeshe hati za mirathi na orodha ya sampuli, apewe utaratibu unaomhusu. Asisubiri kukamatwa njiani ndipo aeleze. Hali kadhalika, kusafirisha madini nje ya nchi kunahitaji kibali, hata kama ni jiwe moja la zawadi ndani ya begi la mgeni. Kwa utambuzi wa madini, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina maabara jijini Dodoma.

Mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki inayotaja jina la madini, mahali yalipotoka, uzito, na maelezo ya wazi iwapo sampuli imechomwa, imetiwa rangi au imeunganishwa kwa gundi. Risiti iliyoandikwa “jiwe 1” haitakusaidia. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Lakini sheria zote mbili zinahitaji maelezo ambayo mlaji anaweza kuyaonyesha.

Ukishuku kwamba umedanganywa, usiikate sampuli, usiisafishe, wala usimrudishie muuzaji kabla ya kupata ushauri. Mwandikie muuzaji kwanza, ukimweleza kasoro na unachodai, ubaki na nakala. Asipojibu, lete malalamiko yako kwa maandishi katika ofisi yetu iliyo karibu nawe, pamoja na risiti, picha, karatasi ya sampuli na nakala ya barua yako. Sampuli yenyewe iache nyumbani mpaka tutakapoiomba.