Kabla ya Kuyeyusha Plastiki

Mkondo wa bahari unaopita pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikianza kuvuma huzidi kasi. Ndiyo maana chupa iliyosombwa na Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam haishangazi ikiibukia Kunduchi, Mbweni au hata Bagamoyo.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Marufuku hizo zilisaidia, lakini hazikugusa chupa za maji, madumu, ndala wala nyavu za nailoni.

Kwenye ukanda huo wa pwani, kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, kuna Kampasi ya Mbegani ya Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na skuli ya sayansi za majini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Kunduchi. Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kufundishia uchumi mzunguko, yaani kukitumia kitu, kukitengeneza kikiharibika, kisha kukirudisha kuwa malighafi badala ya kukitupa.

Somo la kwanza halihitaji mashine, beseni la maji latosha. Katakata chupa ya maji pamoja na kizibo chake, utose vipande vyote: vya chupa huzama, vya kizibo huelea. Ni plastiki mbili tofauti. Ya chupa huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi za Selsiasi, ya kizibo haifiki hata 170. Ukizichanganya kwenye sufuria moja, kizibo kitakuwa uji wakati vipande vya chupa bado vigumu kama kokoto, na ukiunda nguzo kwa mchanganyiko huo, itapasuka hapohapo penye kokoto. Kipande cha bomba la PVC kikiingia ni hatari zaidi, kwa sababu hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Namba 1 hadi 7 chini ya vyombo zipo kwa ajili ya kazi hii ya kutenganisha.

Waokota chupa wengi huzitofautisha plastiki hizo kwa kuminya tu, tena wanajua kila aina inauzwaje kwa kilo. Wanajua pia kwamba plastiki ya ufukweni ina mchanga na chumvi, na isipooshwa vizuri hutia butu visu vya mashine ya kusaga.

Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa tani 10 hivi za plastiki, na ndala zipatazo 30,000 zikatumika. Liliingia majini mwaka 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Unguja. Mafundi waliozoea mti walilazimika kujifunza upya, maana ubao wa plastiki hutanuka juani na kupinda kwa urahisi.

Vyuo visiwadanganye vijana, hata hivyo. Kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizorejelezwa ni asilimia 9 tu. Kazi nzuri ya mwanafunzi ingekuwa kupima taka za soko la samaki Bagamoyo: ipi ina mnunuzi, ipi haina, na ipi ingeepukika tangu mwanzo.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwokota chupa mzoefu akipimwa hivyo na kupewa cheti, Mbegani au Kunduchi wanaweza kumwajiri awe mkufunzi wa vitendo.