Kimya Kingi cha Ischia

Hoteli za mlimani katika kisiwa cha Ischia, nchini Italia, huuza utulivu kwanza, chumba baadaye. Gari huishia njiani na mgeni humalizia kwa ngazi. Akifika juu anakuta roshani inayotazama bahari ya Naples, mizabibu iliyoteremka kwa matuta, na bwawa la maji yanayofuka mvuke hata mwezi wa Novemba, ilhali hakuna aliyewasha kuni wala gesi. Jioni huletewa sungura aliyepikwa polepole kwa nyanya na divai nyeupe, chakula kinachojulikana kisiwani kote. Kisha hulala usingizi wa pono.

Kimya kingi, walisema wahenga, kina mshindo mkuu. Ischia ni volkano, na si volkano mfu. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1302, zaha ilipotiririka mpaka baharini. Hata bandari kuu ya kisiwa ni shimo la volkano lililokuwa ziwa, mpaka mfalme Ferdinand wa Pili alipoagiza ukingo wake ukatwe, na meli zikaanza kuingia mwaka 1854. Lakini jambo linalopaswa kumshughulisha zaidi mgeni wa hoteli ya mlimani si zaha. Ni ufa ulio chini ya bwawa lake.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 46 hivi. Katikati umesimama mlima Epomeo wenye urefu wa mita 789. Ukiutazama kutoka melini utadhani ndio kinywa cha volkano. Sivyo. Yapata miaka 55,000 iliyopita ulitokea mlipuko mkubwa uliomwaga magma kwa wingi kiasi kwamba ardhi iliyokuwa juu yake ilikosa cha kuishikilia, ikadidimia. Pakabaki bonde kubwa, yaani kaldera, na bahari ikaingia. Majivu moto yaliyojaa humo yakashikana yakawa mwamba laini, na maji ya chumvi yakabadilisha madini yake hata ukageuka rangi ya kijani. Ndilo jiwe linaloonekana leo kila mahali kisiwani, kwenye kuta za mashamba na za majumba ya zamani.

Baadaye magma nyingine ikapanda kutoka chini. Haikupata njia ya kutokea, ikabaki inasukuma, na sakafu ya kaldera ikainuka kama kifuniko cha sufuria kinachonyanyuliwa na mvuke. Kwa makumi ya maelfu ya miaka sakafu hiyo ilipanda mamia ya mita, mpaka ikawa mlima. Ndiyo maana mabaki ya viumbe vya baharini hupatikana kwenye mitelemko ya Epomeo. Na kwa kuwa kipande kizima kiliinuka huku ardhi ya pembeni ikibaki, kingo zake zilikatika. Mikato hiyo, hasa ya upande wa kaskazini na magharibi, ndiyo nyufa zinazoamua karibu kila kitu kisiwani.

Tuanze na maji. Mahali pengi duniani, ukichimba kwenda chini, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kila kilomita. Huko Ischia, visima vilivyochimbwa magharibi mwa kisiwa katika karne ya 20 vilikuta joto la zaidi ya nyuzi 200 kwenye kina cha kilomita moja hivi. Maji ya mvua huzama kupitia miamba, hukutana chini na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pwani, na yote hupata moto. Maji yakipata moto huwa mepesi, hutaka kupanda, na njia rahisi ya kupandia ni ufa. Kwa hiyo chemchemi hazikutawanyika ovyo kisiwani. Nyingi zimepangana pale ardhi ilipokatika.

Joto lenyewe halina siri. Katika ufuko wa Maronti, upande wa kusini, kuna sehemu ambayo ukifukua mchanga kwa kiganja unauondoa mkono haraka, kwa kuwa mvuke ulio chini unakaribia nyuzi 100. Wenyeji hufunga mayai, viazi au kuku kwa karatasi ya alumini, wakavifukia, wakavirudia vimeiva. Karibu na hapo, kwenye bonde la Cavascura, maji karibu ya kuchemka hutoka mwambani na kuelekezwa kwenye mabirika yaliyochongwa ndani ya jiwe. Chemchemi ya Nitrodi ina maji ya vuguvugu tu, na Warumi waliitolea shukrani kwa kuchonga sanamu za marumaru za Apollo na wale mabinti wa majini wa imani zao. Michongo hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Naples.

Mwaka 1588 daktari Giulio Iasolino alichapisha kitabu juu ya tiba za maji ya Ischia, akizipitia chemchemi na magonjwa aliyodhani zinayafaa. Mwaka 1918 mwanasayansi Marie Curie alifika kisiwani katika ziara yake ya kupima mnururisho wa maji ya Italia, kwa sababu baadhi ya chemchemi za huko, hasa za Lacco Ameno, zina gesi ya radoni. Leo tunaweza kusema hivi bila kuongeza chumvi: maji moto hulegeza misuli, hupunguzia viungo uzito wa mwili na hutuliza maumivu kwa muda. Hiyo ni faida ya kweli. Hayatibu kila ugonjwa ulioandikwa kwenye ukuta wa hoteli.

Gesi nayo ina somo lake. Chini ya ngome iitwayo Castello Aragonese, mapovu ya kaboni dayoksaidi hupanda mfululizo kutoka sakafu ya bahari na kuyatia maji asidi. Mwaka 2008 mtafiti Jason Hall-Spencer na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba ukisogea kuelekea mapovu hayo, viumbe vyenye magamba ya chokaa hupungua, na konokono wanaobaki magamba yao hulika, ilhali nyasi za baharini hustawi. Wanasayansi huenda pale kuona bahari za dunia zinaweza kuwa na hali gani kaboni ya viwanda na magari ikizidi kuyeyukia majini.

Sasa turudi mlimani. Mtu anayetaka kujenga hoteli ya maji moto atajenga wapi? Bila shaka maji yanapotoka. Na maji hutoka penye ufa. Mji wa Casamicciola, kaskazini mwa Epomeo, ulipata jina Ulaya nzima katika karne ya 19 kwa sababu hiyo. Matajiri na wagonjwa walikwenda kuoga huko kila kiangazi. Usiku wa tarehe 28 Julai 1883, msimu ukiwa umepamba moto, ufa uliowapa maji ulisogea. Watu zaidi ya 2,300 walikufa, wageni kwa wenyeji. Benedetto Croce, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri wa Italia, alikuwa na miaka 17, akiwa likizoni na familia yake. Alifukuliwa kwenye kifusi akiwa hai. Baba, mama na dada yake hawakupona.

Tetemeko lile halikuwa kubwa kwa vipimo vya dunia. Ubaya wake ulikuwa kina. Matetemeko mengi huanzia kilomita kumi au zaidi chini, na mtikisiko hupungua nguvu ukiwa njiani. Ya Casamicciola huanzia karibu kabisa na misingi ya nyumba. Tarehe 21 Agosti 2017 lilipiga jingine, la ukubwa wa 4 hivi, kwenye kina cha kama kilomita mbili. Sehemu nyingine tetemeko kama hilo lingetikisa vyombo kabatini. Pale liliangusha nyumba na kuua watu wawili.

Hatari ya pili huletwa na joto, nayo ni ya taratibu zaidi. Mvuke na maji moto yakipita ndani ya mwamba kwa karne nyingi, huyageuza madini yake kuwa mfinyanzi. Mlima kwa nje unaonekana imara, kumbe ndani umelainika. Wakulima wa zamani walilielewa jambo hilo kwa uzoefu. Walijenga matuta kwa kuta za mawe ya kijani yaliyopangwa bila saruji, ili maji ya mvua yapenye polepole badala ya kusukuma. Kuta hizo zinataka mtu wa kuzirudishia mawe kila mwaka. Vijana walipoacha mizabibu wakafuata kazi za utalii, kuta nyingi zilibomoka bila wa kuzitengeneza, na mabonde ya maji yakajengwa nyumba, nyingine bila kibali.

Maji hufuata mkondo. Alfajiri ya tarehe 26 Novemba 2022, baada ya mvua ya zaidi ya milimita 120 kwa saa chache, upande wa kaskazini wa Epomeo ulimeguka. Tope na mawe viliteremka kwenye mabonde yaleyale mpaka Casamicciola, vikasomba nyumba na magari na kuua watu 12. Hapakuwa na zaha wala tetemeko.

Watanzania hawahitaji kuelezwa sana. Desemba 2023, tope kutoka mlima Hanang, ambao nao ni volkano iliyonyamaza, lilivamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Volkano inaweza kukaa karne nyingi bila kutema moto, na bado mteremko wake ukahitaji uangalizi kila msimu wa mvua.

Hili si la kumzuia mtu asiende Ischia. Wanasayansi wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Vesuvius, kilichoanzishwa mwaka 1841, wanaifuatilia mitikisiko ya kisiwa usiku na mchana, na nyumba iliyojengwa kwa kufuata kanuni za matetemeko inaweza kuhimili tetemeko la aina ile. Tatizo ni sisi kuchagua hoteli kwa mandhari peke yake. Ukipanga kulala mlimani, Ischia au kwingineko, uliza jengo liliimarishwa lini, liko mbali kiasi gani na bonde la maji, na nani anatunza matuta yaliyo juu yake. Hoteli isiyo na majibu hayo haijakuuzia utulivu. Imekuuzia kimya tu.