Mapezi ya kuogelea: usimnunulie mtoto 'atakua nayo'

Mzazi anayenunua viatu vya shule namba moja juu ili mtoto akue navyo anafanya hesabu nzuri. Hesabu hiyo usiipeleke kwenye mapezi ya kuogelea, yale ya mpira yanayovaliwa miguuni. Mtoto atarudi kutoka Mbamba Bay na malengelenge, au atabanwa na misuli akiwa mbali na ufukwe.

Pezi linalopwaya hucheza kila unapopiga teke, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Ili lisichomoke, mtoto hukunja vidole bila kujijua, na shavu la mguu huchoka. Linalobana nalo huzuia damu, vidole vikafa ganzi. Kwa hiyo aende dukani mwenyewe. Alivae, anyanyue mguu, autikise: lisivuke, na vidole vikae vimenyooka. Kama ni la mkanda wa kisigino, alijaribu akiwa na viatu vyake vya majini.

Anayeanza achague fupi na laini. Marefu na magumu yanapendeza machoni, lakini yanatesa magoti na mashavu ya miguu. Teke litoke nyongani, si gotini kama anayeendesha baiskeli. Siku za kwanza abaki penye kina cha kiuno na wewe ukiwa karibu, na upepo wa mwera ukivuma, msiingie kabisa.

Akibanwa na misuli, aache kupiga maji, alale chali, ashike ncha ya pezi na kuivuta kuelekea kwake huku goti limenyooka. Mfundisheni hili nchi kavu kwanza.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Ziwa Nyasa lina kichocho, na pezi hufunika wayo tu. Kimelea hupenya ngozi popote, kwa dakika chache, na mchanga mweupe si uthibitisho kwamba maji ni salama. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, usikutegemee. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini huua minyoo iliyokomaa. Ukimeza kesho yake baada ya kuogelea, wale wachanga watabaki. Nenda kituo cha afya wiki 6 hadi 8 baadaye, useme wazi kwamba mliogelea ziwani. Na mtoto wa kiume akikojoa damu, msimwambie anakua. Mpelekeni akapimwe. Msichana pia, hata kama mnadhani ni hedhi.

Kwa mnaozamia na mtungi wa hewa: mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kulipia mafunzo. Watoto chini ya miaka 10 hawapokelewi katika kozi za kawaida za uzamiaji.

Tena kuna ule mlima. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbinga iko juu ya mita 1,000, na siku hizi kwa lami mnapanda haraka. Naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya kuzamia inaweza kutengeneza mapovu mnapopanda. Subirini saa 12 baada ya mzamo mmoja, 18 kama mlizamia zaidi ya mara moja. Laleni Mbamba Bay, mpande kesho yake. Viungo vikiuma sana au miguu ikifa ganzi baada ya kuzamia, usikande wala usisubiri: nenda hospitali, na uwaambie ulizama kina gani na saa ngapi.