KWA NINI MTOTO WA SELIMUNDU HUZALIWA MZIMA



Ukitoka Ngaka kwenye makaa ya mawe ukashuka mpaka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, utayasikia maneno haya: "Mtoto alizaliwa mzima kabisa. Alinyonya, akanenepa, akacheka. Kufika miezi sita au saba, kaanza kuvimba mikono na miguu. Analia usiku kucha. Macho yamekuwa ya njano."

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nani alikuja kumwona? Nani alimbeba siku ile? Mara jirani anatajwa, mara shangazi. Na mara nyingi mama mzazi mwenyewe anaambiwa kwamba kwao kuna damu mbaya.

Leo tulieleze jambo hilo la miezi sita, maana ndilo linalowachanganya watu. Ugonjwa wenyewe ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Mtoto hakuupata mwezi wa sita. Alikuwa nao tangu mimba ilipotungwa. Ila kulikuwa na kitu kinamkinga, na kitu hicho kikaondoka kwa utaratibu wa mwili wenyewe. Hakuna mtu aliyekiondoa.

DAMU YA TUMBONI NA DAMU YA DUNIANI

Wekundu wa damu unatokana na kitu kiitwacho himoglobini. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Sasa mtoto akiwa tumboni havuti pumzi. Hewa anaipata kutoka katika damu ya mama yake. Kwa hiyo anahitaji himoglobini yenye nguvu ya kuvuta, iweze kuinyang'anya hewa ile ya mama. Hiyo tuiite himoglobini ya tumboni.

Mtoto akizaliwa anavuta pumzi mwenyewe. Mwili unaanza kuacha himoglobini ya tumboni na kutengeneza ya mtu mzima. Lakini mabadiliko hayo si ya siku moja. Siku ya kuzaliwa, zaidi ya nusu ya himoglobini ya mtoto bado ni ile ya tumboni. Kisha inapungua mwezi hadi mwezi, na ikifika nusu mwaka imebaki kidogo.

Kosa la selimundu limo katika himoglobini ya mtu mzima tu. Ile ya tumboni hutengenezwa kwa maagizo mengine ambayo hayana kosa. Umeona sasa? Miezi ya kwanza mtoto anaishi kwa damu isiyo na kosa. Ikiisha hiyo, kosa linajitokeza. Chembe nyekundu za damu, ambazo zinapaswa kuwa za mviringo na laini, zinajikunja kama mundu wa kukatia nyasi. Zinakwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena hazidumu. Chembe nzuri huishi siku kama 120, lakini hizi hufa baada ya siku 10 au 20 hivi. Ndiyo maana mtoto anaishiwa damu na macho yanakuwa ya njano.

Daktari wa watoto wa Marekani, Janet Watson, aliliona jambo hili mwaka 1948. Aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi, akafikiri kuwa himoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Ilichukua miaka 60 kumjua anayeifunga.

MTUNZA GHALA

Katika kila chembe ya mwili kuna maagizo ya kuujenga mwili. Agizo moja huitwa jeni, na binadamu ana jeni za namna hii kama 20,000. Tunazirithi kwa baba na mama, nusu kwa nusu. Jeni nyingi ni kama mafundi: hii inatengeneza himoglobini, ile inatengeneza kucha. Lakini ziko jeni ambazo kazi yake ni kusimamia. Zinatengeneza kitu kinachokwenda kuzishika jeni nyingine na kuzifungua au kuzifunga. Bila wasimamizi hao mtoto asingekua tumboni kwa mpango, jicho mahali pa jicho na kidole mahali pa kidole, kila kitu kwa wakati wake.

Msimamizi wa habari yetu ya leo anaitwa BCL11A. Usihangaike kulikariri jina hilo. Mfikirie kama mtunza ghala wa chama cha msingi mwenye ghala mbili. Moja ni ya himoglobini ya tumboni, nyingine ni ya mtu mzima. Mtoto akishazaliwa, mtunza ghala huyu anaifunga ghala ya kwanza, na kazi inahamia ya pili. Kwa mtoto mwenye damu nzuri hakuna hasara. Kwa mtoto wa selimundu, ghala iliyofungwa ndiyo iliyokuwa na mahindi mazuri, na iliyobaki ina yaliyooza.

Kazi hiyo ya BCL11A ilithibitishwa Marekani mwaka 2008. Na sisi Watanzania tumo katika habari hii. Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wa selimundu wamekuwa wakiandikishwa na kufuatiliwa tangu mwaka 2004. Mwaka 2011 Profesa Julie Makani na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa wagonjwa wa hapa nchini pia, tofauti ndogo katika jeni hii zinakwenda pamoja na kiasi cha himoglobini ya tumboni anachobaki nacho mtu. Wengine mtunza ghala wao ni mlegevu, haufungi mlango barabara. Hao wana nafuu. Hii ni sababu mojawapo ya ndugu wawili wa tumbo moja, wote wana selimundu, mmoja analazwa kila mara na mwenzake anakwenda shule.

Basi mtu atauliza, kwa nini tusimwondoe kabisa huyo mtunza ghala? Haiwezekani, maana ana kazi nyingine. Anahitajika katika ubongo na katika askari wa mwili. Mtoto anayezaliwa na jeni hii ikiwa imeharibika huchelewa kusema na kuelewa. Lakini mwaka 2013 wataalamu walipata sehemu ndogo ya maagizo inayomwamsha katika chembe nyekundu za damu tu. Ukiikata hiyo, analala kwenye damu na anaendelea na kazi kwingine. Mwaka 2019 mama mmoja wa Marekani, Victoria Gray, alitibiwa hivyo, na yale maumivu makali yakamwacha. Uingereza iliruhusu tiba hiyo Novemba 2023, Marekani Desemba 2023. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hapo mkulima wa kahawa wa Mbinga na mvuvi wa usipa wote wanabaki kutazama tu.

Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikizia watoto wa selimundu uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Uloto hutolewa na ndugu anayelingana naye.

Lakini kuna dawa ya vidonge, haidroksiyurea, ambayo huifanya ile ghala ya kwanza ifunguke kidogo. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi huko Kenya, Mbale huko Uganda, na wa Kongo na Angola. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua.

Turudi kwa yule mama anayelaumiwa. Selimundu haitoki kwa mama peke yake. Lazima jeni yenye kosa itoke kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nao wanaweza kuwa wazima kabisa, maana kila mmoja ana jeni moja mbovu na moja nzuri. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Jeni hiyo imeenea kwetu kwa sababu mwenye moja tu hukingwa na malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954. Mwenye zote mbili hana bahati hiyo. Malaria humwangusha haraka, kwa hiyo chandarua ni lazima, hasa huku ziwani kwenye joto na mbu.

Kama katika ukoo wenu yupo mwenye selimundu, usingoje mwezi wa sita. Mtoto anaweza kupimwa damu akiwa mchanga, akaanzishiwa mapema penisilini ya kumkinga hadi afike miaka mitano. Akipata homa, ni hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho. Na haidroksiyurea haitolewi kienyeji: daktari hupima damu kila baada ya muda, kwa hiyo anayetoka mbali kama Chiwanda aweke akiba ya nauli za kurudi, si ya safari moja.