Mwalimu Mkuu na Halmashauri: Nani Anawajibika kwa Nini Shuleni

Kila mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, mzazi wa Bariadi anayempeleka mtoto wake darasa la kwanza anaweza kukutana na jibu la mzunguko. Akiuliza kuhusu upungufu wa madawati, mwalimu mkuu humwelekeza halmashauri. Akifika halmashauri huelezwa kuwa fedha za shule huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Hurudi nyumbani akiamini kuwa mmoja kati ya wawili hao anamficha jambo. Mara nyingi hakuna anayeficha. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amesema nusu yake.

Mvutano kati ya walimu wakuu wa shule za msingi na wakuu wa shule za sekondari kwa upande mmoja, na ofisi za halmashauri kwa upande mwingine, hutokana kwa sehemu kubwa na nusu hizo mbili. Mkuu wa shule hulalamika kuwa hupokea maagizo yenye tarehe za mwisho bila kupewa wataalamu wa kuyatekeleza. Halmashauri nayo hulalamika kuwa matumizi hayana stakabadhi, taarifa zinachelewa na ufaulu unashuka. Mwanafunzi akikosa dawati, mwalimu au choo, hapati nafuu yoyote kwa kujua ni nani aliyemlaumu mwenzake.

Fedha zilivyofika shuleni

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inatambua kamati za shule kwa shule za msingi na bodi za shule kwa sekondari. Vyombo hivyo vilipata uzito zaidi wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, ambapo shule zilianza kupokea ruzuku na kusimamia ujenzi kupitia kamati zake.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia awali hadi kidato cha nne. Kuanzia Januari 2016, Serikali ilianza kutuma fedha za uendeshaji kila mwezi moja kwa moja katika akaunti za shule. Mwaka wa fedha 2022/23 ada ilifutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita.

Viwango vilivyowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari. Katika shilingi 10,000 za msingi, shilingi 6,000 hupelekwa shuleni na shilingi 4,000 hubaki ngazi ya Taifa kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye wanafunzi 900 hupokea shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani shilingi 450,000 kwa mwezi.

Kiasi hicho ni cha vifaa vya kufundishia, mitihani, michezo, utawala na matengenezo madogo. Katika mpango wa ujenzi wa mwaka 2021, chumba kimoja cha darasa kilitengewa shilingi milioni 20. Shule hiyo ya wanafunzi 900 ingehitaji kuweka akiba ruzuku yake yote kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu ili kujenga chumba kimoja, bila kununua hata boksi moja la chaki. Kwa hiyo kauli kwamba "shule ina fedha zake" ni ya kweli, lakini haijibu swali la mzazi anayeuliza kuhusu darasa.

Sababu ya kutuma fedha moja kwa moja

Uamuzi wa kupeleka fedha shuleni bila kuzipitisha katika ofisi nyingi una mantiki inayoeleweka kote Afrika Mashariki. Nchini Uganda, utafiti uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulionesha kuwa shule za msingi zilipokea, kwa wastani, takriban asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Sehemu kubwa iliishia ngazi ya wilaya. Baada ya Serikali ya nchi hiyo kuanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa, na shule kutakiwa kubandika taarifa za mapokezi, sehemu inayofika shuleni ilipanda hadi zaidi ya asilimia 80 mwaka 2001.

Funzo lake ni kwamba fedha hulindwa na njia fupi pamoja na taarifa iliyo wazi. Njia fupi peke yake huhamisha tu mahali ambapo fedha zinaweza kupotea. Ndiyo maana shule za Tanzania zinatakiwa kubandika mapato na matumizi yake katika mbao za matangazo, na malipo yake kuingizwa katika mfumo wa uhasibu na utoaji taarifa wa vituo vya kutolea huduma, unaojulikana kama FFARS, ulioanza kutumika mwaka 2017.

Kilichobaki halmashauri

Fedha za uendeshaji ziliteremka shuleni, lakini mamlaka mengine mengi yalibaki juu. Mgawanyo wa walimu kati ya shule moja na nyingine ndani ya halmashauri ni kazi ya Mkurugenzi Mtendaji kupitia idara zake za elimu. Wahandisi, wataalamu wa ununuzi na wakaguzi wa ndani ni watumishi wa halmashauri. Sera, mitaala na uthibiti ubora ni jukumu la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, wakati usimamizi wa kila siku wa shule uko chini ya Ofisi ya Rais - TAMISEMI kupitia halmashauri.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na halmashauri sita. Wilaya ya Bariadi ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, zilizo chini ya Mkuu wa Wilaya mmoja lakini zenye Wakurugenzi, bajeti na mabaraza ya madiwani tofauti. Mzazi anayepeleka hoja yake katika ofisi isiyohusika hupoteza siku nzima. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, idadi ya watu wa Simiyu iliongezeka kutoka 1,584,157 hadi 2,140,497, hali inayoeleza kwa nini madarasa na walimu vinaonekana kutotosha hata pale ujenzi unapoendelea.

Mahali mvutano unapoanzia

Eneo la kwanza ni ujenzi. Mwaka 2021, kupitia mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, nchi nzima ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa miezi michache, vikiwemo 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi. Kazi ilifanywa kwa mafundi wa kawaida na kamati za shule za ujenzi, ununuzi na mapokezi ya vifaa. Mwalimu aliyesomea kufundisha hisabati alijikuta akihesabu nondo na mifuko ya saruji. Ukaguzi unapobaini kasoro, wa kwanza kuulizwa ni yeye, ingawa vipimo na ushauri wa kitaalamu hutoka kwa mhandisi wa halmashauri.

Eneo la pili ni michango. Januari 2018, Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Magufuli, alipiga marufuku michango ya lazima shuleni na kuelekeza kuwa anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke mchango wake kwa Mkurugenzi, walimu wasihusike kuupokea. Agizo hilo lilimwondolea mwalimu mkuu tuhuma ya kukusanya fedha za wazazi. Wakati huohuo, mahitaji madogo ya shule ambayo kijiji kingeyamaliza kwa kikao kimoja yalihitaji sasa kupita katika ofisi ya halmashauri.

Eneo la tatu ni matokeo ya mitihani. Mikoa na halmashauri hujiwekea malengo ya ufaulu. Simiyu ilijulikana kwa kambi za kitaaluma za wanafunzi wa madarasa ya mitihani, zilizosimamiwa wakati Anthony Mtaka akiwa Mkuu wa Mkoa. Mpango wa namna hiyo huamuliwa ngazi ya mkoa, huratibiwa na halmashauri na hutekelezwa na mkuu wa shule. Unapofanikiwa sifa hugawanywa kwa wote. Unapokwama, lawama huwa na tabia ya kushuka chini.

Madaraka, posho na haki ya kujieleza

Serikali ilitambua uzito wa kazi hii kwa kuanza kulipa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu, na shilingi 250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari na kwa afisa elimu kata. Mwaka 2022, OR-TAMISEMI ilizindua Kiongozi cha Mwalimu Mkuu ili majukumu yake yawe katika maandishi.

Wananchi wanapaswa pia kutofautisha mambo mawili. Kuondolewa katika ukuu wa shule ni kupoteza wadhifa. Mhusika hubaki mwalimu. Kuondolewa katika utumishi ni adhabu inayopitia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015 na kuanza kazi Julai 2016. Utaratibu wake unampa mwalimu haki ya kupewa mashtaka kwa maandishi, kujitetea na kukata rufaa. Kelele za mkutano wa hadhara haziwezi kuchukua nafasi ya utaratibu huo, na hazimkingi aliyefuja fedha za umma.

Mwananchi aanzie wapi

Swali kuhusu chaki, mitihani ya ndani au matengenezo ya mlango linaanzia shuleni, na jibu lake linapaswa kuonekana katika ubao wa matangazo na kumbukumbu za kamati ya shule, ambayo wazazi ni wajumbe wake na mwalimu mkuu ni katibu. Swali kuhusu upungufu wa walimu, darasa jipya au boma lililojengwa kwa nguvu za wananchi likaachwa bila paa linapelekwa kwa afisa elimu kata, kisha kwa Mkurugenzi, na kwa diwani anayeketi katika baraza linalopitisha bajeti.

Mzazi anayejua tofauti hiyo hawezi tena kuzungushwa. Mwalimu mkuu anayeandika mahitaji yake mapema na kutunza nakala huwa na ushahidi siku ya ukaguzi. Halmashauri inayojibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba fedha bado hazijapatikana, humwezesha mwalimu huyo kusimama mbele ya wazazi na kuwaeleza ukweli wote badala ya nusu yake.