Vitabu Vyafungua Mlango wa Sayansi na Uhandisi kwa Watoto

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutajwa zaidi katika malezi ya tabia, lakini ina uzito uleule katika malezi ya akili. Mtoto anayezoea mapema kuuliza kwa nini daraja halianguki au umeme hutoka wapi huingia darasani akiwa tayari na kiu ya kujua. Miongoni mwa vyombo vya kuiamsha kiu hiyo, kitabu ni chombo cha gharama nafuu, kisichohitaji umeme wala mtandao.

Mfano ulio wazi unatoka nchi jirani ya Malawi. Ukame na njaa ya mwaka 2001 na 2002 viliifanya familia ya William Kamkwamba, wakulima wa Wilaya ya Kasungu, ishindwe kumlipia ada, naye akaacha masomo ya sekondari akiwa na umri wa miaka 14. Ili asiachwe nyuma na wenzake, alianza kuazima vitabu katika maktaba ndogo ya Shule ya Msingi Wimbe. Humo alikuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, chenye picha ya vinu vya upepo kwenye jalada.

Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo. Alianza na michoro, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoandikwa kando yake. Hatua kwa hatua alielewa kanuni yenyewe: sumaku ikizungushwa karibu na waya uliosokotwa, umeme hupita katika waya huo. Kilichohitajika ni nguvu ya kuizungusha, na upepo kijijini ulikuwa tele. Kwa fremu ya baiskeli, dainamo, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na nguzo za mikaratusi, alijenga kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2007 alisimulia kisa hicho katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Arusha, na mwaka 2014 alihitimu katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani.

Kitabu kile hakikumpa Kamkwamba umeme. Kilimwonyesha kwamba jambo hilo linawezekana na namna sehemu zake zinavyoungana. Kazi iliyobaki aliifanya kwa mikono yake. Hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu cha sayansi kwa mtoto. Kitabu kizuri huwa na michoro iliyo wazi, hueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi badala ya kuorodhesha majina tu, na humwachia msomaji jambo la kujaribu kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani.

Uchaguzi wa kitabu hutegemea umri. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, vinafaa vitabu vya picha kubwa vinavyoonyesha maumbo, hesabu, wanyama na mashine, vikisomwa kwa sauti na mtu mzima. Anayejifunza kusoma hufurahia hadithi ambazo wahusika wake hutatua tatizo, kama vile kuvusha mzigo mtoni au kuzuia maji yasiingie ndani ya nyumba. Aliyefikia miaka kumi na kuendelea anaweza kupewa vitabu vya majaribio na wasifu wa wavumbuzi.

Kusoma peke yake hakutoshi. Ikiwa kitabu kinaeleza kuelea na kuzama, mzazi anaweza kuweka yai bichi katika glasi ya maji, nalo likazama. Chumvi ya kutosha ikikorogwa katika maji hayo, yai hupanda juu, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu ya ujazo uleule. Kabla ya jaribio, mtoto aulizwe anadhani nini kitatokea. Baada yake, aulizwe kwa nini. Mzazi asiyejua jibu hapungukiwi heshima akisema, "Tulitafute pamoja."

Kuuliza si ujinga, na historia ya Tanzania ina shahidi wa hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa alipouliza sababu, lakini hakuliacha swali lake. Baadaye alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kuhusu suala hilo. Wanasayansi duniani wanaendelea kulijadili hadi leo kwa jina la Mpemba.

Lugha nayo ina nafasi yake. Katika shule nyingi za msingi nchini sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyekwisha kuelewa maana ya nishati, msuguano na mvuke kwa lugha anayoizungumza nyumbani hukutana baadaye na jina jipya la jambo analolifahamu. Asiyepata msingi huo hulazimika kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, dhana ngeni na lugha ngeni.

Si kila familia inayomudu kununua vitabu. Ndiyo maana maktaba za umma, zikiwemo za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na rafu za vitabu shuleni zina umuhimu mkubwa. Hata hivyo, kitabu kilichofungiwa kabatini ili kisichafuke hakimfundishi mtu. Kitabu cha mtoto kikichakaa kwa kufunuliwa mara kwa mara, hiyo ni dalili kwamba kimefanya kazi yake.